J. C. Jacobsen: Mwanagenzi Aliyekataa Kuficha Ujuzi

Wahariri wa jarida hili wameniomba niandike habari za maisha ya mtu mashuhuri ambaye kazi yake inahusiana na kazi niliyoifanya mimi tangu nilipotoka shuleni hapa. Wenzangu wa mkondo wa sayansi wanakumbuka kwamba nilichukua kemia na biolojia. Baada ya hapo niliajiriwa katika maabara ya kiwanda cha bia, na huko ndiko nilikokula chumvi nyingi. Kwa hiyo nimemchagua Jacob Christian Jacobsen wa Denmark, mwanzilishi wa kiwanda cha Carlsberg.

Najua wapo miongoni mwetu wasiotumia kileo, wengine kwa ajili ya dini na wengine kwa hiari yao, nami nawaheshimu. Sikukusudia kuisifu pombe hapa. Habari ninayotaka kuisimulia ni ya namna mtu anavyojifunza kazi kwa kusimama kando ya wanaoifanya, na namna anavyopaswa kuutumia ujuzi huo akiisha kuupata. Habari hiyo inamfaa fundi seremala, muuguzi na mkulima sawasawa na mpika bia.

KUZALIWA NA MALEZI

Jacobsen alizaliwa tarehe 2 Septemba 1811 katika mji wa Copenhagen. Baba yake, Christen Jacobsen, alikuwa mtoto wa mkulima wa Jutland aliyekuja mjini kutafuta kazi, akaajiriwa katika kiwanda cha bia, na mwishowe akapata kiwanda chake mwenyewe kidogo. Hakuwa msomi, lakini alikuwa mtu wa kupenda kupima. Husemwa kwamba alikuwa miongoni mwa watu wa kwanza nchini Denmark kutumia kipimajoto katika upishi wa bia. Wakati huo wapishi wengi walitegemea mkono tu. Mtu alitumbukiza kiwiko katika maji, akasema yamefika au bado, na hapo ndipo elimu yake ilipokomea.

Kijana Jacobsen alikua akizungukwa na mapipa na masufuria. Hakupelekwa chuo kikuu, bali alipata bahati ya kuhudhuria mihadhara ya wazi ya Profesa Hans Christian Ørsted, yule aliyegundua mwaka 1820 kwamba mkondo wa umeme hugeuza sindano ya dira. Ørsted aliamini kwamba sayansi isifungiwe ndani ya kuta za vyuo, bali iwafikie mafundi na wenye viwanda. Basi Jacobsen akawa na shule mbili: ya baba yake kiwandani, na ya Profesa Ørsted ukumbini. Maisha yake yote alijitahidi kuziunganisha shule hizo mbili.

Baba yake alifariki mwaka 1835, na Jacobsen akakiongoza kiwanda kabla hajatimiza miaka 25.

SHIDA YA BIA YA SIKU ZILE

Kabla ya kuendelea, yafaa niwaeleze wanafunzi wetu jinsi bia inavyopatikana. Shayiri hulowekwa, huachwa ichipue kidogo, kisha hukaushwa. Hicho ndicho kimea. Kimea husagwa na kuchanganywa na maji ya moto, na hapo wanga hugeuka kuwa sukari. Maji hayo matamu huchemshwa pamoja na maua ya hopsi yanayotia uchungu, hupozwa, kisha hutiwa hamira. Hamira hula sukari na kutoa kileo na hewa ya kaboni. Kwa asili kazi hii si ngeni kwetu. Mama zetu wanaopika mbege Uchagani huotesha ulezi, na wanaopika busaa magharibi mwa Kenya hufanya vivyo hivyo. Kimea ni kimea popote duniani.

Tofauti kubwa imo katika hamira. Iko hamira inayofanya kazi penye joto na kupanda juu ya pipa. Bia yake huwa tayari upesi, lakini huharibika upesi pia. Iko nyingine inayofanya kazi penye baridi, taratibu, na mwishowe hutua chini. Bia yake huhitaji kuhifadhiwa miezi kadhaa katika ghala la baridi, na ikiisha kukomaa huwa safi na hudumu. Huko Denmark bia ya kawaida ilikuwa ya hamira ya juu. Siku moja ilikuwa nzuri, siku nyingine chachu, na mpishi hakujua sababu. Bia ya baridi ilikuwa ya watu wa Bavaria, kusini mwa Ujerumani.

Jacobsen alipoonja bia ya Kibavaria aliazimu kuitengeneza kwao. Inasimuliwa kwamba majaribio yake ya kwanza aliyafanya katika sufuria kubwa ya mama yake ya kufulia nguo. Lakini alikosa hamira yenyewe, na tena alikosa mazoea ya mkono ambayo hayapatikani katika kitabu. Akaona hana budi kuwaendea wenye kazi.

MWANAGENZI MJINI MUNICH

Mjini Munich alikuwako Gabriel Sedlmayr, mwenye kiwanda cha Spaten. Huyu naye alizaliwa mwaka 1811, kwa hiyo alikuwa rika moja na Jacobsen. Habari zake mwenyewe ni za kustaajabisha. Mwaka 1833, akiwa kijana, alisafiri pamoja na mwenzake Anton Dreher wa Austria kwenda Uingereza kuangalia viwanda vya huko, vilivyokuwa mbele kwa vipimo na mitambo. Waingereza waliwakaribisha, lakini si kila siri waliifunua. Basi vijana hao wakawa na fimbo ya kutembelea yenye tundu ndani. Wakiichovya kwa hila katika pipa, huondoka na sampuli, wakaenda kuipima chumbani mwao.

Mtu aliyelazimika kuiba ujuzi kwa fimbo angeweza kuufungia ndani kwa makufuli saba. Sedlmayr hakufanya hivyo. Alipokuwa bwana wa kiwanda aliwafungulia vijana wa nchi mbalimbali mlango, wakaja kufanya kazi na kujifunza pamoja na mafundi wake. Jacobsen alikuwa mmoja wa waliofaidika. Alijifunza pale jinsi ya kuilinda bia ichachuke kwa baridi na jinsi ya kuihifadhi, mambo ambayo mihadhara ya Ørsted isingeweza kumpa.

Hapa naomba niseme neno kutokana na kazi yangu mwenyewe. Nilipoanza kazi niliwekwa chini ya mzee mmoja wa ghala la baridi aliyekuwa na elimu ya msingi tu. Mimi nilikuwa na cheti changu, yeye alikuwa na pua yake. Alikuwa akifungua kifuniko cha tangi, ananusa, anasema hili limechelewa. Nikienda kupima nakuta ndivyo. Baada ya miezi michache nilianza kunusa kama yeye, naye akaanza kuniuliza vipimo vinasemaje. Tangu hapo sijapata kuamini kwamba darasa peke yake linatosha, wala kwamba mazoea peke yake yanatosha.

Turudi kwa Jacobsen. Mwaka 1845 alikwenda tena Munich, na Sedlmayr akampa hamira. Safari ya kurudi Copenhagen ilikuwa ndefu, ya gari la farasi, na hamira hufa ikipata joto. Jacobsen aliitia katika makopo mawili, na kila gari liliposimama kubadili farasi alishuka kuyamwagia makopo yale maji baridi. Hamira ikafika hai. Bia aliyoipika kwa hamira hiyo aliihifadhi katika vyumba vya chini ya boma la mji, na watu wa Copenhagen walipoinywa waliipenda.

KIWANDA CHA MLIMANI

Kiwanda cha zamani cha baba yake kilikuwa mjini na hakikuwa na nafasi ya kuchimba maghala. Jacobsen alinunua ardhi nje ya mji, penye kilima cha Valby, akajenga kiwanda kipya. Bia ya kwanza ilipikwa pale tarehe 10 Novemba 1847. Kiwanda alikiita Carlsberg, yaani mlima wa Carl, kwa jina la mwanawe wa pekee, Carl, aliyekuwa na umri wa miaka mitano. Jina hilo la upendo ndilo lililokuja kuwa chanzo cha ugomvi mkubwa.

Kiwanda kilistawi na Jacobsen akawa tajiri. Jumba la kifalme la Frederiksborg lilipoungua mwaka 1859, yeye alikuwa miongoni mwa waliotoa fedha nyingi lijengwe upya, na mwaka 1878 likafanywa makumbusho ya historia ya taifa kwa mkono wake.

BABA MWALIMU NA MWANAWE

Jacobsen alitaka mwanawe ajifunze kama alivyojifunza yeye. Mwaka 1866 alimpeleka nchi za nje kwa miaka minne, akafanye kazi katika viwanda vya bia vya mataifa mengine na kuona kila namna ya upishi, mpaka Uingereza na Scotland. Carl alirudi akiwa fundi kamili, mwenye mawazo yake mwenyewe. Baba akampangisha kiwanda cha pili kilichokuwa jirani na chake.

Hapo ndipo palipoharibika. Carl alitaka kutengeneza bia nyingi zaidi na kuitoa mapema zaidi, kwa kuwa wanunuzi walikuwapo. Baba alishikilia kwamba bia isitoke ghalani kabla ya wakati wake, hata kama wanunuzi wanapiga kelele. Baba aliona mwana anaharibu jina la Carlsberg. Mwana aliona baba anamtuma kujifunza kisha anamkataza kuyatumia aliyojifunza. Wakagombana mpaka juu ya jina la barabara iliyopita kati ya viwanda vyao. Mwishowe, mnamo mwaka 1882, Carl alikuwa amekwisha jitenga na kuwa na kiwanda chake mwenyewe kilichoitwa Carlsberg Mpya, na baba akapambana naye kuhusu haki ya kulitumia jina ambalo lilikuwa lake Carl tangu utotoni.

Sitaki kumficha msomaji upande huu. Tukisoma maisha ya wakubwa mara nyingi tunapewa mema tu. Jacobsen aliwapokea wataalamu wa kila aina, lakini mwanafunzi wa karibu kuliko wote, wa damu yake, alishindwa kumwachia. Walimu na wazazi wanaosoma jarida hili huenda wakaona kwamba kumfundisha kijana ni sehemu moja ya kazi, na kumwacha aende kwa njia yake ni sehemu nyingine, tena ngumu zaidi.

MAABARA ISIYO NA SIRI

Mwaka 1875 Jacobsen alianzisha Maabara ya Carlsberg ndani ya kiwanda chake. Kazi yake ilikuwa kuchunguza kisayansi kila hatua ya upishi wa bia: kimea, uchachukaji na uhifadhi. Mwaka uliofuata aliunda Mfuko wa Carlsberg kwa fedha zake, akaukabidhi kwa wanasayansi wa Chuo cha Kifalme cha Sayansi cha Denmark wauongoze. Jambo la ajabu katika masharti yake ni hili: hakuna matokeo ya maabara yenye maana kwa elimu au kwa kazi yatakayofichwa. Kila lililogunduliwa lichapishwe, hata washindani walisome.

Mfanyabiashara yeyote angeliuliza kuna faida gani kulipa wataalamu ili jirani yako anufaike. Kwa maoni yangu jibu la Jacobsen limo katika yale makopo mawili. Hamira iliyomtajirisha ilikuwa zawadi kutoka kwa mtu aliyekuwa na haki ya kuinyima.

Ndani ya maabara hiyo aliingia Emil Christian Hansen, na habari zake wanafunzi wetu wa hali ya chini wazisikilize vizuri. Alizaliwa mwaka 1842 katika mji wa Ribe, katika familia maskini. Alikuwa fundi wa kupaka nyumba rangi, kisha mwalimu, na huku akijisomea mwenyewe mpaka akaingia chuo kikuu akiwa mtu mzima. Alipenda uchunguzi wa kuvu. Mwaka 1879 akawa mkuu wa idara ya fiziolojia ya maabara ya Carlsberg.

Mwaka 1883 kiwanda cha Jacobsen kilipatwa na msiba. Bia iliingia ladha mbaya, na usafi wa vyombo haukusaidia. Louis Pasteur wa Ufaransa, ambaye Jacobsen alimheshimu mno, alikuwa amefundisha kwamba bakteria ndio wanaoharibu bia. Hansen alisema adui safari hii ni hamira yenyewe. Katika pipa moja mna hamira za namna nyingi zilizochanganyika, njema na za porini, na hizo za porini ndizo zinazoleta uchungu na harufu. Dawa ni kumtafuta mmoja aliye mwema, chembe moja tu, kumtenga, na kumzalisha peke yake mpaka atosheleze tangi.

Mzee Jacobsen hakukubali mara moja. Alikuwa na umri wa miaka 72 na alikuwa amepika bia tangu ujanani. Aliyekuwa akimwambia kwamba hamira yake imechafuka alikuwa mpaka rangi wa zamani. Lakini alikubali jaribio lifanyike, na mwezi Novemba 1883 hamira safi ya Hansen ilitiwa katika matangi ya Carlsberg. Ugonjwa ukaisha.

Hapo ndipo sharti la kutoficha lilipopimwa. Carlsberg walikuwa na kitu ambacho hakuna kiwanda kingine duniani kilikuwa nacho. Kwa siri hiyo wangeweza kuwashinda wote. Badala yake Hansen alichapisha njia yake, na hamira safi ikagawiwa kwa wenye viwanda wengine waliotaka. Pasteur alipokuja Copenhagen mwaka 1884 alifika Carlsberg kuona kazi hiyo. Vijana wa mataifa mengi walianza kumiminika Copenhagen kujifunza. Wengi wao walifundishwa katika maabara ambayo Alfred Jørgensen aliianzisha mjini humo mwaka 1881, wakarudi kwao na darubini mkono mmoja na hamira mkono wa pili. Mji ambao Jacobsen aliuacha kwenda kutafuta mwalimu sasa ulikuwa mwalimu wa wengine.

MWISHO WA SAFARI

Mwaka 1886 baba na mwana walipatana. Hawakuwa na muda mrefu wa kuufurahia upatano huo. Jacobsen alifariki mjini Roma tarehe 30 Aprili 1887, akiwa na umri wa miaka 75. Kwa wasia wake kiwanda cha zamani kilikwenda kwa Mfuko wa Carlsberg, siyo kwa Carl. Lakini tazameni yaliyofuata. Mwaka 1902 Carl naye alikitoa kiwanda chake kwa mfuko ule ule wa baba yake, na mwaka 1906 viwanda viwili vikawa kimoja. Pesa zake nyingine Carl alizitumia kwa sanaa. Sanamu ya Nguva Mdogo iliyowekwa bandarini Copenhagen mwaka 1913 ni zawadi yake.

Maabara iliendelea. Mwaka 1883, mwaka ule ule wa Hansen, mkuu wa idara ya kemia, Johan Kjeldahl, alitoa njia ya kupima nitrojeni katika nafaka, ili mpishi ajue protini ya shayiri kabla ya kuinunua. Njia hiyo ilikuja kutumika duniani kote kupima unga, maziwa na chakula cha mifugo, nami nimeifanya mara nisizoweza kuzihesabu. Mwaka 1909 S. P. L. Sørensen, katika maabara hiyo hiyo, alibuni kipimo cha pH. Basi kila mwanafunzi wa shule yetu aliyepata kuchovya karatasi katika siki au katika maji ya sabuni na kulinganisha rangi, ajue kwamba anatumia matunda ya kiwanda cha bia, hata kama hajawahi na hatakuja kuionja.

TUJIFUNZE NINI?

Kwa ninyi mlioko madarasani, naomba msingoje cheti ndipo mwanze kujifunza kazi. Likizo zinapofika, nendeni karakana, hospitali, shamba la mkulima hodari, muombe kusimama kando yake. Mtatumwa kufagia, na fagieni. Jueni pia kwamba hesabu na kemia mnazozilalamikia ndizo zitakazowafanya muelewe kile ambacho fundi anakiona bila kuweza kukieleza.

Kwa wenzangu wa zamani, maneno yangu ni mafupi zaidi. Wengi wetu sasa tuna ofisi, karakana, mashamba na maduka ya dawa. Kila mwaka vijana wa shule hii huandika barua wakiomba nafasi ya kujifunza kazi kwa wiki chache, na barua nyingi hazijibiwi. Twasema watatusumbua, wataharibu vifaa, watajua siri za biashara kisha wawe washindani wetu. Hofu hizo Jacobsen alikuwa na sababu ya kuwa nazo kuliko sisi, na viwanda vilivyochukua hamira yake havikumfilisi.

Katika mkutano wetu wa mwaka huu naomba kamati ya chama iandae orodha ya wanachama walio tayari kumpokea walau kijana mmoja wakati wa likizo. Jina langu na liandikwe la kwanza.